Mwaka Nilioshika Daftari la Mto

Mume wangu alivunjika mguu mtoni, akiwa kazini, asubuhi moja ya Januari. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kazi yake watu wa kijijini waliiona kichekesho: serikali ilimlipa kwa kutazama maji.

Ukweli ni kwamba hakuwa akiyatazama tu. Ofisi ya maji ya Shinyanga ilitaka kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe chini ya kijiji chetu. Lilikuwepo lambo jingine zamani, lililochimbwa wakati wa vita, lakini lilijaa matope upesi hata mbuzi wakawa wanalivuka bila kulowa magoti. Kwa hiyo safari hii, kabla ya kuchimba, walitaka kwanza kujua mto unabeba matope kiasi gani na yanatoka upande upi. Mto wetu ulitengenezwa na vijito viwili, kimoja cha kaskazini na kimoja cha kusini, vilivyokutana juu kidogo ya kivuko. Kila asubuhi ya msimu wa mvua mume wangu alisoma ubao wa kina uliopigiliwa kwenye nguzo pale kivukoni, kisha akajaza chupa tatu: moja kijito cha kaskazini, moja cha kusini, moja kivukoni. Chupa alizipanga kwenye rafu nyumbani kwa siku mbili bila mtu kuzigusa. Matope yakishatulia chini, alipima unene wake kwa rula na kuuandika kwenye daftari.

Kazi hiyo aliipata kwa sababu aliwahi kufanya kibarua kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, akiwabebea wapimaji mnyororo wao wa kupimia ardhi, na huko alijifunza futi na inchi. Alikuwa mtu wa kujivunia vitu vidogo. Penseli yake haikuguswa na mtu.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alipoinama kuusoma ubao, ukingo ulimomonyoka chini ya miguu yake akaangukia mawe. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Wanaume walimbeba juu ya kitanda hadi barabarani, wakasimamisha lori lililokuwa likienda upande wa hospitali ya misheni. Nami nilisimama pale barabarani, binti yetu wa miaka miwili mgongoni. Mume wangu, uso umejaa jasho, akanivuta mkono.

"Ubao usikae bila kusomwa," akasema.

"Atausoma nani?"

"Wewe. Si unasoma katekisimu?"

"Katekisimu haina inchi."

"Rula iko juu ya rafu," akasema, na lori likaondoka.

Mimi ni Msumbwa, mzaliwa wa Ushetu. Niliolewa kule Usukumani nikiwa na miaka kumi na minane, na mwaka huo nilikuwa na ishirini na mbili. Kisukuma nilikuwa nakizungumza, ila kwa lafudhi iliyowachekesha wanawake wenzangu. Kusoma nilijifunza kwa masista, sala na nyimbo, na hesabu hadi mia. Siku ile ya kwanza nilishusha rula kwenye rafu nikaanza kupima kila kitu nyumbani: mguu wa kitanda, kizingiti cha mlango, wayo wa mtoto. Nilipima hadi vile vistari vidogo vikaacha kunitisha. Kesho yake nikachukua kikapu cha chupa nikaenda mtoni.

Wanawake waliokuwa wakichota maji walinicheka sana. Walizoea kuniona na mtungi, sasa wananiona na chupa tatu ambazo hata nikizijaza hazitoshi kupikia ugali. Kuanzia siku hiyo waliniita Mke wa Maji. Halikuwa jina baya. Nililizoea.

Siku ya nne niligundua kosa langu. Nilizipima chupa za siku ya pili nikakuta ile ya kivukoni ina tope nene kuliko chupa za vijito vyote viwili. Nilishangaa. Maji yale yale, tope la ziada limetoka wapi? Nikarudi mtoni kutazama, na nikaziona alama za miguu yangu mwenyewe. Niliingia majini kwanza, nikasimama upande maji yanakotokea, ndipo nikaichovya chupa. Nilikuwa nimejaza tope la vidole vyangu. Nilirudi nyumbani nikaikata ile namba kwa mstari, na pembeni nikaandika: *Hii si kweli. Nilikanyaga.* Tangu hapo nilichota nikiwa nimesimama juu ya jiwe, mkono nimeunyoosha kuelekea maji yanakotoka.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mjane wa makamo, mfinyanzi. Vyungu vya nusu ya kijiji vilitoka mikononi mwake. Siku moja alikuja kuomba moto, akakuta chupa zimepangwa kwenye rafu, tope limekaa chini na maji yameng'aa juu. Alisahau moto aliofuata.

"Mwangaluka," alinisalimu mara ya pili bila kujua, macho yakiwa kwenye chupa. "Hivi ndivyo vitu mnavyoweka humu ndani?"

"Ndivyo, mayu, mama yangu."

"Nimwagie kidogo nione."

Nilisita, kwa sababu mume wangu asingekubali. Lakini chupa zile nilikuwa nimeshazipima, kwa hiyo nilimwaga maji ya juu na kumpa tope. Alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaliweka kwenye ulimi, akatafuna kidogo kwa meno ya mbele, akatema mlangoni.

"Hili la chupa ya kwanza limetoka kaskazini," akasema. "Jeusi, linanata. Udongo wa mbugani."

Sikuwa nimemwambia chupa ipi ni ya wapi.

Akachukua ya pili, ile ya kijito cha kusini, ambayo tope lake siku zote lilikuwa nene mara mbili ya jingine. Alilisugua kwa muda mrefu.

"Hili jekundu lina mchanga unaokwaruza. Linatoka kwenye kile kilima chenye mawe mawili. Udongo wa kule siuchimbi, chungu chake hupasuka motoni." Akaniangalia. "Lakini ng'wanone, mwanangu, udongo huu mwaka juzi haukuwa mtoni. Nani amekilima kile kilima?"

Nilijifanya namfunika mtoto. Nilimjua aliyekilima.

Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Na hapa lazima niseme shemeji yangu alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtu hataelewa kwa nini nilikaa kimya. Siku mume wangu alipopelekwa hospitali, jioni yake shemeji alikuja na gunia la mtama begani. Paa letu lililovuja alipanda mwenyewe kuliezeka. Kila Jumamosi aliwatuma binti zake waje kunitwangia. Hakuwa msemaji, wala hakuwahi kunikumbusha kwamba amenisaidia. Pamba ilikuwa imemwendea vizuri miaka miwili mfululizo, akanunua plau na maksai wanne, akafyeka kilima kile ambacho wazee walikiacha na vichaka vyake tangu zamani. Alilima kwa kuteremka, kutoka juu hadi chini, kwa sababu maksai huchoka wakilima kukata mteremko. Na alipofika kijitoni alifyeka matete na majani ya ukingoni apate mistari michache zaidi ya pamba.

Mfinyanzi hakunilazimisha kusema. Lakini baada ya siku chache alinijia na fimbo yake ya kutembelea.

"Twende tukaone," akasema. "Mimi ulimi wangu haujawahi kunidanganya, lakini wewe unapenda namba."

Tulipanda pamoja kukifuata kijito cha kusini, mtoto mgongoni kwangu na chupa kwenye kikapu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Juu ya shamba la shemeji, kijito kilipotoka kwenye vichaka, nilijaza chupa ya kwanza, na kupitia kioo chake niliona kidole changu upande wa pili. Tukashuka pembeni mwa shamba. Pamba ilikuwa magotini, nzuri, yenye afya. Kati ya mistari maji yalikuwa yamechimba mifereji inayoshuka moja kwa moja hadi ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa wazi kama kichwa kilichonyolewa. Chini ya shamba nilijaza chupa ya pili. Niliiinua juu nikaweka kidole nyuma yake. Sikukiona.

"Basi," mfinyanzi akasema. Kisha akanionyesha kwa fimbo mahali chini ya mwamba. "Pale ndipo nilipokuwa nachimba udongo wangu. Mama yangu pia alichimba pale. Sasa pamefukiwa na mchanga huu mwekundu. Natembea hadi ng'ambo kutafuta udongo, na miguu yenyewe ndiyo hii."

Hakuwa amelalamika kwa mtu yeyote. Niliandika kwenye daftari siku hiyo: *Kijito cha kusini, juu ya shamba jipya, maji safi. Chini ya shamba jipya, tope jekundu.* Jina la mwenye shamba sikuliandika.

Karani wa ofisi ya maji alifika mwezi Machi kwa baiskeli, matope hadi magotini. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Bukoba, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Kwa kawaida alikuja kila mwezi kunakili kurasa za daftari na kuchukua chupa moja iliyozibwa kwa nta kwa ajili ya kupimwa Shinyanga, lakini malaria ilikuwa imemlaza. Aliniamkia vizuri, akaulizia hali ya mgonjwa, akakaa kwenye kigoda na kufungua daftari. Nilikuwa jikoni nikichochea uji, nikisubiri.

"Mama," akaita. "Mwandiko huu si wa mumeo."

"Hapana. Ni wangu."

"Tangu Januari?"

"Tangu alipovunjika mguu."

Alipindua kurasa. Nilijua kinachofuata: atasema kazi ya serikali haifanywi na mtu asiyeajiriwa, tena mwanamke, na mume wangu atarudi akute hana kazi. Nikasikia anacheka. Nikachungulia mlangoni. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa.

"'Hii si kweli. Nilikanyaga,'" akasoma kwa sauti. "Mama, nina wasomaji wa mito sita. Hakuna hata mmoja ambaye amewahi kuniandikia kwamba amekosea. Kumbe hawakosei?"

Nami nikacheka, kwa woga zaidi kuliko furaha.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa shamba jipya, na hakucheka tena. Aliniuliza shamba ni la nani. Nilimwambia ni la shemeji yangu, yule yule aliyeezeka paa ambalo yeye amekaa chini yake. Karani alifunga daftari.

"Sikiliza," akasema. "Safu za daftari hili zinaniuliza kina cha maji na unene wa tope. Haziniulizi shamba la nani. Nitapeleka namba. Lakini namba zenyewe zinaonyesha kijito cha kusini, na Mzungu wa maji ataona, atamwambia bwana shamba. Bwana shamba akija, anakuja na sheria ya matuta. Unajua ilivyo."

Nilijua. Miaka ile watu waliburutwa barazani kwa ajili ya matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Walilazimishwa kuyatengeneza, wakayatengeneza kwa chuki, na mengine wakayabomoa askari alipogeuka. Shemeji yangu alikuwa mmoja wa waliosema wazi kwamba hatafundishwa kulima na mtu ambaye hajawahi kuloa jasho la jembe.

"Wataanza kupitia namba msimu ukishaisha," karani akasema. "Kabla ya hapo, kama mwenye shamba atakuwa amefanya jambo kwa hiari yake, nani atakuwa na sababu ya kumfuata? Mimi siwezi kwenda kwake. Nina kofia ya serikali."

Nilimwelewa.

Nilikwenda kwa shemeji asubuhi ya Jumapili baada ya sala. Nilimkuta uani akirekebisha nira ya maksai. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nikazitoa chupa mbili kwenye kikapu nikazisimamisha chini mbele yake, moja maji safi, moja tope jekundu karibu nusu.

"Shemeji, hii nimeijaza juu ya shamba lako. Na hii chini yake."

Alizitazama. Alitazama muda mrefu. Mkewe alisimama mlangoni na ungo mkononi.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna."

"Bwana shamba?"

"Hapana, shemeji. Nimekuja mwenyewe, kabla yake."

Akaweka nira chini. "Mdogo wangu alipokuwa akijaza chupa zake, niliziona kama mchezo wa mtu aliyekosa shamba. Sasa mkewe, Msumbwa, mtu wa jana hapa, ananiletea tope uani kwangu siku ya Jumapili. Mvua ikinyesha, maji yanakuwa mekundu. Mungu ndiye ameumba hivyo."

"Juu ya shamba si mekundu."

Nilishtuka kwa kusikia sauti yangu mwenyewe. Kwetu mwanamke hamjibu kaka wa mumewe hivyo. Mkewe aliinamisha uso. Shemeji aliinuka, akaingia ndani, na mazungumzo yakaisha hapo. Nilikusanya chupa zangu. Njiani nililia, si kwa maneno yake, bali kwa sababu niliona nimepoteza kitu kisichonunulika, na kweli Jumamosi iliyofuata binti zake hawakuja kutwanga.

Wiki tatu zilipita hivyo. Mfinyanzi alinisaidia kutwanga. Kila asubuhi niliendelea kujaza chupa.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya Aprili. Ilianza mchana, ghafla, nikiwa kwenye kijito cha kusini. Mtoto nilikuwa nimemwacha kwa mfinyanzi. Maji yalipanda haraka, nikasogea juu kwenye mwamba, na kutoka pale nikamwona shemeji yangu kilimani. Alisimama katikati ya shamba bila kujifunika hata gunia, mvua inampiga, anatazama chini. Maji yalikuwa yakikimbia kati ya mistari yake mekundu kabisa, na yalikuwa yakibeba mimea ya pamba, mizizi na yote. Ukingo ambao hapo zamani ulikuwa na matete ulikatika kipande kizima na kuanguka kijitoni kwa mshindo.

Alishuka taratibu hadi niliposimama. Nilidhani atanigombeza kwa kuwepo pale. Alinyoosha mkono, akachukua chupa mkononi mwangu, akachuchumaa, akaijaza mwenyewe. Aliishika juu, akaweka kidole chake nyuma ya kioo, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

"Hili ni shamba langu," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Si matope. Ni shamba lenyewe linaondoka."

Hakunirudishia chupa. Aliondoka nayo, na mkewe aliniambia baadaye kwamba aliiweka juu ya sanduku lake la nguo, na kila aliyekuja kumwamkia alionyeshwa. Jumamosi ile binti zake walirudi kutwanga. Hakuna aliyetaja yaliyopita.

Mume wangu alirudi mwezi Juni, kwenye lori lililokuja kuchukua pamba, akiegemea gongo. Mguu ulikuwa umeunga lakini umekuwa mfupi. Tulikula, tukafurahi, mtoto akamkimbia kwa sababu alikuwa amemsahau. Kesho yake asubuhi aliomba daftari. Alikaa nalo nje, penseli sikioni, akapitia ukurasa kwa ukurasa hadi jua likawa utosini. Mimi nilijifanya napepeta mahindi.

Hatimaye akaniita. "Hapa tarehe kumi na moja umeandika inchi nane. Juu yake saba, chini yake saba. Mvua haikunyesha. Nane imetoka wapi?"

Nilitazama. Kweli, nilikuwa nimekosea.

Alitabasamu kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Moja tu," akasema. "Miezi minne, kosa moja. Na lile la kukanyaga, mawili." Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ukingoni hataweza tena kushuka, labda karani atafute mtu mwingine.

"Mtu mwingine wa nini?" nikamwambia. "Mimi nitashuka. Wewe utapima na kuandika, maana mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu."

Ndivyo tulivyofanya. Karani alipokuja, alilieleza jambo hilo huko Shinyanga kwa namna aliyoijua yeye, na hakuna aliyetuuliza.

Kiangazi kile, pamba ikishauzwa, shemeji alisimama kwenye mkutano wa wanaume mbele ya mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Mume wangu alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia. Shemeji hakutaja serikali wala sheria ya matuta. Alitaja ngitili. Kila Msukuma anajua ngitili: ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, ng'ombe haingii, ili majani yastawi na kuokoa mifugo kiangazi kikikaza. Alisema anataka kingo zote mbili za kijito cha kusini, kuanzia kilima chenye mawe mawili hadi vijito vinapokutana, zifungwe kama ngitili ya kijiji, na kwamba yeye ataanza kwa kurudisha nyuma shamba lake hatua thelathini.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi aliuliza ng'ombe wake watanywa wapi. Ubishi ulichukua mchana mzima. Mwishowe wakaacha njia moja ya ng'ombe, mahali penye mwamba ambapo kwato hazichimbi. Mwanangwa akatangaza, na ikawa sheria ya kijiji. Mtu aliyeivunja angewajibika kwa wenzake, si kwa askari. Nadhani ndiyo sababu haikuvunjwa.

Kisha shemeji aliita kikundi cha vijana wa kulima. Walikuja na ngoma zao, kama thelathini, wakalima kilima kile upya kwa majembe ya mkono, mistari ikikata mteremko badala ya kuufuata. Mimi na wake wengine tulipika. Nilimsikia shemeji akimwambia kijana aliyekuwa akipinda mstari: "Nyoosha hapo. Maji yataona."

Mvua za kwanza zilipokuja mwezi Novemba nilikimbilia kijitoni na chupa, na nilichokipata kilinivunja moyo. Maji yalikuwa mekundu vile vile. Nililia tena, safari hii mbele ya mfinyanzi.

"Majani ya wiki mbili unayataka yafanye nini?" akaniambia. "Yana mizizi mifupi kuliko kucha. Acha yakue."

Tukaacha yakue. Desemba tope lilikuwa bado zito. Januari majani ya ukingoni yalifika kiunoni, na asubuhi moja baada ya mvua mume wangu aliweka rula kwenye chupa ya kijito cha kusini, akaitoa, akaiweka tena.

"Umechota wapi?" akaniuliza.

"Pale pale."

"Ukiwa umesimama juu ya jiwe?"

"Nenda mwenyewe ukaone!"

Alicheka. Tope la kijito cha kusini lilikuwa limepungua hadi nusu ya lile la mwaka uliopita. Mwezi Machi lilipungua zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu daftari lile lianze, kijito cha kaskazini ndicho kilichokuwa kichafu kuliko kingine. Shemeji alikuja mwenyewe kuangalia. Alisimama mbele ya rafu, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kumwona mtoto mchanga. Alipotoka, aliniachia mlangoni kikapu cha viazi.

Si kila kitu kilipona. Mahali pa udongo wa mfinyanzi palibaki pamefukiwa. Walichofanya binti za shemeji ni kwenda na majembe siku tatu mfululizo, wakauondoa ule mchanga hadi udongo wa kijivu ukatokea, na yeye akakaa pembeni akiwaelekeza kwa fimbo na kuwagombeza. Na maji ya kivukoni yalikuwa bado na tope, ila sasa jeusi, la kaskazini.

Hilo ndilo lililowaleta wale wanawake. Ilikuwa mwisho wa mvua za mwaka huo wa pili. Niliwaona watano wanavuka mto, wageni kwangu isipokuwa mmoja, na kila mmoja amebeba kibuyu. Walikuwa wa kijiji cha kijito cha kaskazini. Walikaa uani, wakasalimiana nasi kwa utaratibu, wakanywa uji. Kisha aliyekuwa mkubwa wao akasema wamesikia watu wa huku wanawacheka wao, kwamba maji yao sasa ndiyo machafu.

"Tumekuletea ya kwetu," akasema. "Kila kibuyu na mahali pake. Tuwekee kwenye rafu na sisi tujue."

Mume wangu aliwatazama, akatazama rafu. Chupa tulikuwa nazo sita tu, na tatu zilikuwa na maji. Alijikuna kichwa. Kisha akachukua gongo lake, akaenda dukani kwa Mwarabu pale njia panda kuomba chupa tupu, yeye ambaye hakuwahi kumwomba mtu chochote. Alirudi nazo kumi na mbili, zilizokuwa za mafuta ya taa, zikinuka. Tulikaa mchana kutwa, wanawake saba uani, tukizisugua kwa mchanga na majivu hadi harufu ikatoka, mfinyanzi akionja tope la kibuyu baada ya kibuyu na kutaja limetoka wapi, na wale wanawake wakipiga vigelegele kila alipopatia.

Jioni walipoondoka, mkubwa wao aliniuliza kama ningeweza kwenda kwao kuwaonyesha namna ya kuchota. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa tayari ameshaanza kuchora mistari kwenye daftari jipya, safu tano badala ya tatu.

"Nenda kesho," akasema bila kuinua macho. "Lakini waambie wasikanyage."